Ipi Isomwe Kwanza

Andika neno degedege kwenye kisanduku cha kutafutia cha PubMed, kanzidata ya makala za tiba inayotunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani huko Bethesda, Maryland. Zitakuja makala chache, za kuhesabika. Mojawapo ni ya mwaka 1996. Inaeleza jinsi watu wa wilaya ya Bagamoyo walivyokuwa wakimtibu mtoto mwenye degedege, na maana ya jambo hilo kwa wanaojaribu kupunguza vifo vya malaria kali. Asubuhi moja inatosha kuzisoma zote kwa utulivu.

Futa neno hilo, andika malaria. Zitakuja zaidi ya 100,000. Ukiipa kila moja dakika moja tu, bila kula wala kulala, utamaliza baada ya siku 69. Daktari wa zamu ya usiku ana mtoto kitandani, ana muuguzi anayesubiri aambiwe la kufanya, na pengine ana dakika kumi na simu yenye bando. Atafungua makala mbili, labda tatu. Kwake yeye, usiku ule, hizo tatu za juu ndizo elimu yote ambayo dunia imekusanya kuhusu ugonjwa ule.

Nani aliyeziweka juu? Swali hili nimelibeba kwa muda mrefu, na kila ninapolifuata hunifikisha kwa watu wa subira ambao kazi yao haionekani. Msomaji akishapata alichokitafuta, hamkumbuki aliyekipanga. Nataka niwakumbuke hapa, na nitaanza na fundi niliyemwona kwa macho yangu.

Miaka michache iliyopita nilikaa siku nzima kwenye maktaba moja ya kitabibu jijini Dar es Salaam, kando ya meza ya mkutubi wa makamo ambaye kila mtu pale alimwita Mama. Mbele yake palikuwa na kompyuta, kaunta buku lenye jalada lililochakaa, na penseli iliyochongwa pande zote mbili. Karibu na saa nne akaingia daktari kijana aliyetoka zamu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza."

Alitaka makala juu ya watoto wanaofikishwa hospitali wakiwa kwenye mshtuko: mikono na miguu baridi, moyo unakwenda mbio, damu haifiki inakotakiwa. Je, watundikiwe dripu na maji yamiminwe kwa kasi, kama alivyofundishwa chuoni? Nilitegemea Mama ageukie kompyuta. Hakugeuka. Alimuuliza watoto hao wana umri gani. Wana homa? Wanaharisha? Wamekonda sana? Hospitali yao ina mashine ya kumsaidia mtoto kupumua akizidiwa? Zilipita dakika kumi kabla hajagusa kibodi, na mimi nikadhani anampotezea kijana muda. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba utafutaji ulikuwa umeshaanza, na sehemu yake ngumu ilikuwa karibu kwisha.

Mstari wa kwanza alioandika haukuwa na maneno ya yule daktari. Alitafuta jina rasmi ambalo maktaba ya Bethesda imelipa jambo hilo. Kwetu mgonjwa husema ana sukari, na kadi yake ya kliniki imeandikwa kisukari. Husema ana presha, na ripoti inasema shinikizo la damu. Madaktari wa lugha zote wana tabia hiyohiyo, ugonjwa mmoja wanauita kwa majina manne matano. Tangu mwaka 1960 maktaba hiyo imekuwa na orodha ya istilahi ambayo leo ina vichwa vya mada kiasi cha 30,000, vimepangwa kama mti: ukitaja tawi, vijitawi vyake vyote hukufuata. Kwa miongo mingi kila makala ilipitia mikononi mwa mtu aliyeisoma na kuamua ni vichwa vipi vinaistahili, kimoja baada ya kingine, makala baada ya makala. Tangu mwaka 2022 kazi hiyo inafanywa na mashine, na watu wanapitia na kusahihisha. Lakini mashine ilijifunza kutokana na mamilioni ya maamuzi ya wale wasomaji. Utaalamu wao haukupotea, umo ndani yake.

Kazi hiyo ina babu yake. John Shaw Billings alikuwa daktari wa jeshi la Marekani. Alipokuwa mwanafunzi aliandika tasnifu juu ya kutibu kifafa kwa upasuaji, na alihangaika mno kutafuta maandiko yaliyotangulia. Wengi wetu tumehangaika vivyo hivyo, tukanung'unika, tukasahau. Yeye hakusahau. Mwaka 1879, akiwa na Robert Fletcher, alianzisha Index Medicus, fahirisi ya kila mwezi ya maandiko mapya ya tiba, ambayo kwa sura mbalimbali iliendelea kuchapwa hadi mwaka 2004. Jioni Billings alibeba nyumbani mafungu ya majarida, akayapitia na kuweka alama ya penseli palipostahili. Siku ya pili makarani wakanakili kwenye kadi. Hakuyapanga kwa uzito, aliyapanga kwa mada. Ila bila kwanza kujua kila kitu kiko wapi, hakuna wa kuuliza kipi kitangulie.

Mstari wa pili wa Mama ulikuwa wa maneno ya kawaida, yale ambayo waandishi wenyewe huyatumia katika vichwa vya habari na mihtasari. Nilimuuliza kwa nini arudie jambo lilelile. Akasema makala iliyotoka wiki hii huenda bado haijapewa kichwa cha mada, na ile ambayo mwandishi wake amechagua neno geni huenda ilipewa kichwa kisichofaa. Kisha akaniambia kitu nilichokiandika papo hapo: maneno hayana uzito sawa.

Hilo ndilo alilolionyesha Karen Spärck Jones mwaka 1972 huko Cambridge, Uingereza. Alisomea historia, akafundisha shule kwa muda, halafu akaingia katika utafiti wa lugha na kompyuta. Wazo lake unaweza kulielewa ukiwa umesimama katikati ya Kariakoo. Ita "Juma!" watageuka wanaume ishirini. Ita "Mwinyihatibu!" atageuka mmoja, na huenda ndiye unayemtaka. Neno linalopatikana kila mahali halimtambulishi mtu, na kadiri neno linavyokuwa adimu katika rundo zima ndivyo linavyostahili uzito mkubwa linapoonekana. Katika makala za tiba, neno mgonjwa limetapakaa kila ukurasa, kwa hiyo halina msaada. Neno degedege linapotokea ni kama kengele imegongwa. Spärck Jones hakuishia kwenye hisia hiyo, ambayo kila karani wa zamani wa maktaba alikuwa nayo. Aliipa hesabu: idadi ya maandiko yote, idadi ya yale yenye neno, na uwiano wa mbili hizo. Injini za kutafutia zilizofuata zimeitegemea hesabu hiyo au ndugu zake, nami sijui wazo jingine dogo namna ile lililobeba mzigo mkubwa namna hii.

Mwenzake Stephen Robertson, akiwa City University jijini London katika miaka ya 1990, aliongezea mizani mbili ndogo. Ya kwanza inahusu kurudiarudia. Makala ikitaja malaria mara moja, unasikia. Ikitaja mara tano, unasadiki kwamba ndiyo mada yake. Ikitaja mara hamsini, haijakuongezea jambo kubwa, na haistahili kupewa uzito mara kumi. Ya pili inahusu urefu: gunia kubwa lazima liwe na mawe mengi kuliko kikapu, kwa hiyo makala ndefu isisifiwe kwa kuwa na maneno mengi tu. Kanuni iliyotoka hapo inaitwa BM25, na jina hilo limebeba kumbukumbu ya majaribio yaliyotangulia, kwani BM11 na BM15 zilikuwepo kabla yake. Napenda jina hilo. Seremala anayetunza vipande vya mbao alivyokosea kukata hukuonyesha jinsi meza ilivyopatikana.

Kwa miaka mingi PubMed haikuweka mbele mizani hizo. Makala mpya ndiyo iliyokaa juu, kama magazeti yanavyorundikwa kwa kinyozi, la leo juu ya la jana. Mpangilio huo unamfaa anayefuatilia habari. Anayeuliza swali haumfai, kwa sababu jibu bora huenda liliandikwa miaka tisa iliyopita. Mwaka 2017 wataalamu wa maktaba ile walileta mpangilio mwingine, na mwaka 2020 ukawa ndio wa kawaida. Unafanya kazi kwa mikupuo miwili. Kwanza BM25 inapepeta rundo zima. Kisha makala 500 za juu zinapimwa upya na mtambo uliojifunza kutokana na nyendo za watumiaji: walipotafuta neno fulani, walifungua ipi? Umri wa makala unaangaliwa, aina yake inaangaliwa, na hata ni mara ngapi imefunguliwa huko nyuma.

Hapa sina budi kupunguza mwendo. Takriban asilimia 80 ya mibofyo hufanyika kwenye ukurasa wa kwanza wa matokeo. Kwa hiyo makala iliyo juu inafunguliwa kwa sababu iko juu, na inabaki juu kwa sababu inafunguliwa, kama njia ya mkato kwenye nyasi ambayo kila apitaye anaipanua. Mafundi wa mpangilio wanaijua hatari hiyo, nami nimeona jinsi wanavyoipigia hesabu. Hata hivyo, wengi waliobofya kabla ya daktari wetu hawakuwa na wodi kama yake. Maswali ya Mama yalikuwa na kazi hiyo: kumtenganisha kijana huyu na umati.

Matokeo yakaja kwa mamia. Sasa akachukua kichujio.

Vichujio vya namna hii vina hadithi ambayo, katika yote niliyojifunza juu ya ufundi huu, ndiyo inayonigusa zaidi. Brian Haynes na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, huko Hamilton, Kanada, walitaka kujua ni maneno gani ya kutafutia yanayoleta tafiti imara na kuacha dhaifu. Kulijua hilo kulihitaji kwanza mtu ajue, kwa hakika, zipi ni imara. Basi wakasoma. Wasaidizi wa utafiti waliofunzwa walichukua majarida 161 ya mwaka 2000, toleo kwa toleo, na kupitia makala 49,028, kila moja wakiipima: Je, wagonjwa waligawanywa kwa nasibu? Je, walifuatiliwa hadi mwisho? Baada ya hapo ndipo wakaiuliza kompyuta: nikitumia neno hili, nitapata ngapi kati ya zile tulizothibitisha kwa macho, na nitazoa takataka kiasi gani?

Mvuvi ataelewa mara moja. Jarife lina matundu makubwa, linashika papa na kuacha dagaa wapite. Wavu wa dagaa hauachi kitu, lakini utakaa pwani hadi jioni ukichambua majani. Kichujio kipana cha McMaster kwa maswali ya matibabu kinashika asilimia 99 ya tafiti imara, ila kinaingiza nyingi zisizohitajika. Kile chembamba kinashika asilimia 93, na kinazuia asilimia 97 ya zile zisizofaa. Asilimia sita zinazopotea katikati ya nyavu hizo mbili si jambo dogo. Anayeandaa mwongozo wa nchi nzima hana haki ya kuziacha. Daktari mwenye dakika kumi hana budi kuziacha. Cyril Cleverdon, mkutubi wa chuo cha masuala ya anga huko Cranfield, Uingereza, alishaonyesha katika miaka ya 1960 kwamba mambo haya mawili huvutana, ukizidisha moja unapunguza jingine. Mama alimtazama kijana usoni, akaona macho mekundu ya mtu asiyelala, akachagua chembamba.

"Nitarudia kwa kile kipana ukishakwenda kulala," akamwambia. "Nikipata kitu nitakupigia."

Kati ya zilizobaki, zilizokaa juu kabisa zilikuwa nzuri, na hazikumfaa. Zilitoka kwenye hospitali za Ulaya na Marekani zenye wodi za wagonjwa mahututi, ambako mtoto akijazwa maji mno kuna mashine ya kumpumulia na daktari wa kusimama naye usiku kucha. Makala aliyoitaka Mama ilikuwa chini kidogo. Alipoifikia aligonga skrini kwa penseli, polepole, mara mbili.

Ni utafiti uitwao FEAST, uliochapishwa mwaka 2011 katika New England Journal of Medicine, ukiongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi. Ulifanyika Kilifi nchini Kenya, Muheza nchini Tanzania, na katika hospitali nne za Uganda: Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini waligawanywa kwa nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilimiminiwa maji ya chumvi kwa kasi, la pili likamiminiwa albumini kwa kasi, la tatu halikumiminiwa kwa kasi. Wote walipata dawa na matunzo mengine yaleyale. Wengi walitarajia kundi la tatu ndilo litakaloumia. Baada ya saa 48, waliofariki katika kundi la albumini walikuwa asilimia 10.6, katika kundi la maji ya chumvi asilimia 10.5, na katika kundi ambalo halikumiminiwa, asilimia 7.3. Kamati iliyokuwa ikiangalia takwimu iliusimamisha utafiti kabla idadi iliyopangwa ya watoto 3,600 haijatimia.

Kijana alisoma kimya. Kisha akasoma tena.

Ningekuwa mimi, ningemkabidhi makala hiyo na kumwacha aende, nimeridhika kwamba nimepata dhahabu. Mama aliteremka hadi kwenye sehemu inayoeleza ni watoto gani hawakuingizwa. Wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Wanaoharisha na kutapika hawakuingizwa. Walioungua na walioumia hawakuingizwa. Akamkumbusha kijana jibu alilompa asubuhi ile: wale wake wengi wana homa, ila wapo wanaoharisha. Hao wanaoharisha, akasema, makala hii haiwazungumzii. Usiwanyime maji kwa sababu yake. Akaandika hivyo kwa penseli pembeni. Nilielewa wakati huo kwamba makala inaweza kuwa ya kwanza kwa mtoto wa kitanda cha tatu na isiwe na nafasi kabisa kwa mtoto wa kitanda cha nne, na hakuna mtambo wa Bethesda unaoweza kulijua hilo, kwa kuwa haukuuliza nani anaharisha.

Kutoka hapo alifanya jambo ambalo wakutubi hulifanya kwa furaha ya waziwazi. Aliishika makala ya FEAST kama mtu anavyoshika uzi, akauvuta mbele: ni nani wameirejelea tangu 2011? Njia hii tumeirithi kwa Eugene Garfield, Mmarekani aliyeandika katika jarida la Science mwaka 1955 kwamba sayansi inaweza kufuatwa kwa njia ya marejeo yake. Mfano aliupata kwa wanasheria wa nchi yake. Wao walikuwa na vitabu, vilivyoanza mwaka 1873, vinavyoonyesha hukumu ipi imefuatwa na hukumu zilizofuata na ipi imetenguliwa. Mwaka 1964 alianza kuchapisha fahirisi ya namna hiyo kwa sayansi. Uzuri wake ni kwamba haitegemei maneno hata kidogo. Mtu wa Kampala na mtu wa Lyon wanaweza kutumia istilahi zisizofanana kabisa, lakini wakimtaja babu mmoja, utajua ni ndugu.

Kuhesabu marejeo, hata hivyo, kumewapoteza wengi, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona vijana wakichagua makala ya kusoma kwa kuangalia namba hiyo tu. Makala iliyorejelewa kuliko zote katika historia ya sayansi ni ya Oliver Lowry na wenzake, ya mwaka 1951, iliyorejelewa zaidi ya mara 300,000. Inaeleza namna ya kupima kiasi cha protini kwenye maabara. Ni kazi safi, na haina neno la kumwambia muuguzi yeyote kuhusu mgonjwa yeyote. Namba ile inakuonyesha ni wangapi wamepita mlangoni. Mlango unaelekea wapi, haisemi.

Na zipo makala ambazo ni wachache tu waliopita kwazo kwa miaka hamsini. Mbili kati ya hizo ni za kwetu. Mwaka 1952, Dick, Kitchen na Haddow walichapisha katika jarida la chama cha kifalme cha tiba za nchi za joto, huko London, habari za kirusi walichokipata mwaka 1947 kwa kima aliyewekwa katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe. Mwaka 1955, katika jarida hilohilo, Marion Robinson alieleza homa iliyolipuka kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na 1953. Iliwakunja wagonjwa kwa maumivu ya viungo, na Wamakonde wakaipa jina linalosema hivyohivyo: chikungunya. Ndipo zikalala. Mtu ambaye mwaka 1990 angepanga makala za virusi kwa idadi ya marejeo, zote mbili angezitupa mkiani, na kwa kipimo chake asingekuwa amekosea. Mwaka 2005 na 2006 chikungunya ikakipiga kisiwa cha Réunion na nchi za Bahari ya Hindi; mwaka 2015 na 2016 Zika ikatikisa Brazili. Watafiti wa dunia nzima wakakimbilia karatasi zilezile mbili, wakazikuta mahali pake, na namba zake, na kurasa zake.

Zilikuwepo kwa sababu kuna aliyeziandika kwenye fahirisi wakati hakuna aliyezitaka. Hazina muhtasari, maana mihtasari ilianza kuingizwa kwenye kanzidata ile na makala za mwaka 1975, kwa hiyo mizani zote nilizozieleza hapo juu zina kichwa cha habari tu cha kupima. Hata hivyo zinapatikana. Nikifikiria karani wa Marekani wa miaka ya 1950, asiyewahi kufika Newala wala Entebbe, akinakili jina la msitu wa Uganda herufi kwa herufi ili lisikosewe, namheshimu kama ninavyomheshimu daktari bingwa.

Orodha yoyote ina ukingo, na nje ya ukingo ni giza. Mwaka 2001 huko Baltimore, Marekani, kijana wa miaka 24 mwenye afya njema alijitolea kwa utafiti wa pumu, akavuta dawa fulani kwa kinywa, akafariki. Kabla ya utafiti kuanza mtafiti alikuwa ametafuta madhara ya dawa hiyo, PubMed ikiwa miongoni mwa vyanzo vyake. Wakati huo ilirudi nyuma hadi mwaka 1966 tu. Makala zilizoripoti madhara kwenye mapafu zilikuwa za miaka ya 1950. Tangu hapo ukingo umesogezwa nyuma, lakini ukingo mwingine uko kwetu. Majarida mengi ya Afrika hayamo kwenye kanzidata kubwa. Ndiyo sababu mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani na chama cha wakutubi wa afya wa Afrika walianzisha African Index Medicus, na ndiyo sababu Mama hafungi kazi kabla ya kupita huko. Siku ile alipita. Alipata mbili, akaacha moja.

Suala la kuzipata makala zenyewe nilidhani litakwama kwenye malipo. Likapita haraka: tangu mwaka 2002 mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani umezifungulia taasisi za nchi kama yetu majarida ambayo zamani tulisoma mihtasari yake tu.

Mwishowe ukatoka ukurasa mmoja kwenye printa. Makala saba. FEAST ilikuwa ya kwanza, na pembeni yake maneno ya penseli juu ya wanaoharisha. Ya pili na ya tatu zilikuwa za wale walioirejelea na kuichambua. Moja ya Ulaya ilibaki, imeshushwa hadi nafasi ya tano, kwa kuwa, kama alivyosema, kijana lazima ajue mabingwa wake walisoma nini. Kijana alifuata orodha kwa kidole hadi chini, akasimama kwenye ya saba.

"Mama, hii ya degedege ya Bagamoyo ya nini tena? Haina habari ya dripu."

"Ili ujue yule mtoto alipita wapi kabla ya kufika kwako," akasema.

Kijana akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa koti, akaaga. Mama akafungua kaunta buku. Akanakili kila mstari wa utafutaji kama ulivyokuwa, na mabano yake, akaandika tarehe na idadi ya matokeo. Chini yake akaacha mistari mitatu wazi kwa ajili ya zitakazotoka mwezi ujao.